Kipandio cha Tisa

Kufikia siku ya nane ya safari ile, Kitinda alikuwa ameshayachukia majengo yote yaliyojengwa kabla yeye hajazaliwa. Aliyachukia madirisha yake marefu, mabaraza yake, nguzo zake nene zisizojulikana zinashikilia nini, na zaidi ya yote alizichukia ngazi zake. Kwa maana kila palipokuwa na ngazi, baba yake alipanda. Alipanda polepole, mkongojo mkono mmoja, mkono wa pili ukutani, midomo ikihesabu. Akifika juu hatazami mandhari kama watu wengine. Anageuka, anashuka, anahesabu tena.

Ilianza hivi. Mzee alimwita nyumbani, yeye na kaka zake wawili, akawaambia ana ombi moja. Alikuwa fundi mwashi kwa miaka hamsini, na kuta zake zilisimama wima kiasi kwamba mafundi wenzake walimpachika jina la Timazi, ile kamba yenye kipande kizito cha chuma ambayo mwashi huitundika ili ajue kama ukuta umelala au umesimama. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alimkataza kuinua kitu chochote kizito kuliko birika la chai.

"Nataka kuzunguka vimji vidogo," alisema. "Niyaone majumba ya zamani kabla hayajaangushwa, au kabla sijaanguka mimi. Na nile migahawani. Nile chakula cha watu wasionijua."

Kaka zake walipata udhuru palepale, mmoja mgongo, mwingine mkutano. Mzigo ukamwangukia binti kitindamimba, kama kawaida. Kitinda alikuwa fundi cherehani, na mezani kwake zilikuwepo sare arobaini za wanafunzi zinazosubiri mikono, shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Alikuwa pia na kigari kidogo kilichokula chumvi nyingi. Akafunga cherehani, akajaza mafuta, wakaondoka.

Siku zao zilifanana. Asubuhi barabara, mchana mji mdogo, mtaa mmoja wa maduka, mbwa kalala katikati ya njia na hana mpango wa kuhama. Mzee anamuuliza mtu wa kwanza mwenye mvi: jengo gani hapa ni la zamani kuliko yote? Wanaonyeshwa mahakama ya zamani, au stesheni ambayo treni iliisusa, au ghala la pamba lililogeuzwa kanisa. Mzee analizunguka, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anatega sikio.

"Plasta hii ilipigwa na mtu mwenye njaa," anasema. Au: "Huyu alikuwa fundi. Huyu simjui, lakini alikuwa fundi."

Kisha wanakwenda kula. Katika mji wa kwanza walipata samaki wa kukaanga ambaye Kitinda alimla mpaka kichwa, akalamba vidole bila aibu. Wa pili walipata mkate wa moto na mayai. Wa tatu waliletewa supu ambayo, kwa maneno ya Mzee, kuku alipita juu yake akiruka. Lakini supu iwe mbaya, samaki awe mtamu, yeye alikula nusu, akasukuma sahani, akasimama. Kitinda hakushangaa sana. Tangu utotoni alimjua baba asiyekaa kula mpaka kazi iishe. Mama yao, marehemu sasa, aligombana naye miaka yote kwa ajili ya chakula kilichopoa. Alichoshangaa ni kwamba safari hii hapakuwa na kazi.

Alikuwa amechoka. Shingo ilimuuma, kiuno kilimuuma, vitanda vya nyumba za wageni vilikuwa na mabonde, na baba yake alikoroma kiasi cha kusikika vyumba viwili mbele. Kila jioni alihesabu sare zake arobaini kichwani, zote hazina mikono.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, gurudumu la nyuma likapasuka. Kitinda akashuka, akafungua buti atoe gurudumu la akiba. Lilikuwa chini ya sanduku la Mzee na blanketi moja zito lililofungwa kamba, ambalo tangu mwanzo aliambiwa ni nguo za baridi. Akalivuta. Halikusogea. Akafungua kamba.

Ndani mlikuwa na mfuko wa saruji, mzima, haujafunguliwa. Pembeni yake tindo, nyundo, mwiko wa kupigia plasta, na ile pimamaji ya mbao aliyoijua tangu akiwa mtoto, yenye kitone cha hewa kinachotembea ndani ya kioo.

"Baba, hii nini?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara. "Saruji."

"Naona ni saruji. Mimi siku nane nalilaumu gari, nasema limezeeka, haliwezi vilima, kumbe nimebeba duka la vifaa! Nani aliuingiza huu mfuko?"

"Kijana wa jirani. Sikuinua mimi."

"Na wa kuutoa ni nani?"

Kitinda akambandika Mzee macho mpaka yeye akayainamisha ya kwake, na hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu baba yake hakuwa na desturi ya kuinamisha macho.

"Kaa," alisema Mzee. "Kaa nikwambie, halafu ukitaka turudi, tutarudi."

Miaka arobaini na moja iliyopita, alisema, kabla Kitinda hajazaliwa, alijenga nyumba ya ghorofa moja kwa mfanyabiashara mmoja kijana aliyekuwa ameoa karibuni. Nyumba nzuri. Siku ya kumwaga zege la ngazi, mbao zilipungua. Kwenye kipandio cha tisa akaweka ubao mpana kuliko wenzake kwa vidole viwili, akisema moyoni nitapunguza zege kwa juu kabla halijashika. Mke wa mwenye nyumba akawaita mafundi kula. Alikuwa amepika maharage. Mzee akala sahani moja. Maharage yakawa matamu, akaongezwa ya pili. Jua lilikuwa kali. Aliporudi, kipandio cha tisa kilikuwa kimekauka kama mfupa.

"Ukakiacha?"

"Mkandarasi alikuwa juu yangu, anataka tuhamie kazi nyingine kesho yake. Nikajiambia vidole viwili nani atavijua. Nikapaka plasta safi, nikaondoka. Mimi, Timazi." Alilitamka jina lile kama mtu anayetema mbegu. "Mwaka haujaisha, nikakutana na seremala tuliyefanya naye pale. Akaniambia yule bibi mwenye maharage alianguka kwenye ngazi. Alikuwa amebeba sufuria. Akavunjika vibaya."

"Akafa?"

"Sikuuliza. Nilimpa kisogo yule seremala, nikaenda kuchanganya udongo." Alipangusa uso kwa kiganja. "Tangu siku hiyo sijakaa chini kula huku kazi ya mtu ikiningoja. Na sijui mpaka leo kama niliua mtu ama sikuua. Nataka nijue, mama. Na kipandio nikisawazishe kwa mkono wangu huu, hata kama ndiyo kazi itakayonimaliza."

Lori likapita, likawaachia vumbi.

"Nyumba yenyewe iko mji gani?"

Mzee akautaja. Kitinda akasimama wima, spana mkononi. Mji ule ulikuwa mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani kwao. Waliupita siku ya kwanza. Mzee alisema hapa hakuna kitu, endesha.

"Siku nane, baba! Siku nane unanizungusha, stesheni, mahakama, maghala, supu ya maji ya kuoshea vyombo, na nyumba ilikuwa palepale?"

"Nilikuwa najikaza."

"Najikaza!"

"Nilidhani nikishapanda ngazi za wenzangu nitakuta nao walikosea. Nimepima ngazi saba." Akatikisa kichwa. "Wote walikuwa sawa."

Kitinda alikuwa na mengi ya kusema, na mengine hayakuwa ya kumwambia mzazi. Akayameza. Akabadilisha gurudumu peke yake, akavunja kucha mbili, akageuza gari.

Walilala njiani, wakafika kesho yake saa saba mchana. Nyumba ilikuwepo bado. Rangi ya chini kijani, ya juu nyeupe iliyochoka, baraza limejaa meza. Chini kulikuwa na mgahawa, juu vyumba vya wageni. Mzee alibaki kwenye gari, mkono kwenye kitasa, kwa muda mrefu kiasi kwamba muuza vocha wa jirani alikuja kuuliza kama wanahitaji msaada. Kisha akapiga moyo konde, akashuka. Kuta hakuzigonga.

Waliketi meza ya karibu na ngazi. Aliyewapokea alikuwa mwenye mgahawa mwenyewe, mwanamke mnene wa umri wa Kitinda, aproni imelowa, kitambaa begani.

"Karibuni. Shikamoo, mzee. Mmesafiri, nawaona. Leo kuna wali, maharage, na samaki wameisha, msiniulize."

"Maharage," alisema Mzee kwa sauti ndogo.

Kitinda alitaka kunawa uso kwanza. Akaelekezwa juu, mlango wa kulia. Alianza kupanda, miguu mizito, akili imelala, na alikuwa katikati ya ngazi sauti ilipotoka jikoni: "Tisa!" Papo hapo mteja mmoja aliyekuwa anakula akainua kichwa, naye akaita: "Tisa!" Kitinda akadhani ni oda, mikate tisa, chai tisa. Ncha ya kiatu chake ikagonga zege, akapiga goti chini na viganja viwili mbele.

Hakuna aliyecheka. "Tumekwambia, dada," alisema yule mteja, akaendelea kula.

Aliposhuka, goti linawaka moto, alimkuta baba yake amesimama, ameshika meza kwa mikono yote miwili. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Mwenye mgahawa alikuwa anaweka sahani.

"Pole, dada. Ngazi yetu hiyo ina kiburi kimoja tu, cha tisa. Mgeni akipanda tunamwitia. Ukikaa hapa siku mbili hutaanguka tena."

"Nani alianza kuita hivyo?" Mzee aliuliza.

"Mama yangu. Alianguka hapo akiwa bibi harusi bado, nyonga ikavunjika. Haikuunga vizuri. Hakupanda juu tena maisha yake yote, nyumba yake mwenyewe. Alilala chumba cha stoo, pale nyuma. Mchana akikaa kwenye kiti kile," akaonyesha kiti cha mbao chini ya ngazi, "akipikia wapita njia, akiwaitia wanaopanda. Watu walimwita Bibi Tisa. Ametutoka mwaka wa nne sasa."

"Hakufa kwa kuanguka."

"Hapana, alikufa kwa maradhi mengine. Kwa nini?"

Kitinda alimwona baba yake anavuta pumzi, naye akajikuta anatafuta funguo za gari mkobani, bila kujua kwa nini. Pengine ili wawe tayari kukimbia.

"Mimi ndiye fundi," alisema Mzee. "Niliyeijenga. Nilikwenda kula zege likakauka. Niliona kosa, nikalifunika."

Mwenye mgahawa alimtazama. Alitazama mkongojo, mikono, viatu. Kisha akachukua sahani ileile aliyokuwa ameiweka mezani, akaenda nayo jikoni. Mlango ukajifunga.

Walikaa. Kitinda alitaka kusema twende, lakini baba yake alikuwa amekwisha keti, mikono magotini, kama mwanafunzi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Wateja wawili walilipa, wakatoka. Jikoni hakukusikika hata kijiko. Mlango ulipofunguliwa, macho ya yule mwanamke yalikuwa mekundu, na hayakuwa ya mtu aliyekuwa anamenya vitunguu tu.

"Kwa hiyo wewe ndiye Mlafi," alisema.

Mzee akainua uso.

"Sisi hatukuwahi kulijua jina lako. Humu ndani unaitwa Mlafi. Mama alikutukana kila asubuhi kabla hajanywa chai. Nimelala na kuamka na matusi yako tangu nikiwa mchanga."

"Nayataka," alisema Mzee.

"Nini?"

"Hayo matusi. Ni yangu. Nimekaa miaka arobaini na moja bila kuyapokea. Niambie alivyokuwa anasema, kama alivyosema mwenyewe."

"Baba," alisema Kitinda.

"Nyamaza, mama. Acha anipe."

Mwenye mgahawa aliweka mkono kiunoni. Alipofungua mdomo sauti haikuwa yake, ilikuwa ya bibi mmoja mkali aliyekaa chini ya ngazi. "'Yule Mlafi! Nimemlisha sahani mbili za maharage, sahani mbili, na sahani yenyewe kaifuta kwa mkate, kisha akanilipa kwa mguu wangu. Maharage yamgeuke mawe tumboni. Kila atakapokaa kula akumbuke ngazi yangu. Asishibe! Asishibe mpaka aje anitazame hapa nilipokaa!'" Akapumua. "Hapo ndipo anapokunywa chai. Kesho yake anaanza upya."

Mzee alikuwa analia, wazi kabisa, bila kuficha uso. Kitinda hakuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mama. Alikumbuka sahani zote zilizopoa utotoni mwake, na zile zilizosukumwa nusu njia nzima, na moyo ukamuuma kwa ajili ya watu wawili ambao mmoja hakumjua.

"Nimechelewa miaka minne," alisema Mzee.

"Umechelewa arobaini na moja," alisema mwenye mgahawa. "Usijipunguzie."

"Kweli. Lakini nimekuja na saruji. Vifaa vyote ninavyo kwenye gari. Nipe leo na kesho, nikichonge, nikisawazishe. Binti yangu atachanganya."

Kitinda, ambaye sare zake arobaini zilimpita mbele ya macho moja moja, akaitikia kwa kichwa.

"Usikiguse," alisema yule mwanamke.

"Bibi, naomba."

"Usikiguse, nakwambia. Mimi nimejifunza kutembea kwenye ngazi hizo. Napanda na trei ya chai mguu unajiinua wenyewe, hata siujui. Mwaka juzi nilileta fundi wa rangi. Akatuonea huruma, akakichonga bila kuniuliza, akakifanya sawa na wenzake. Wiki hiyo tuliumia watu wanne! Kila mmoja anainua mguu juu ya kitu ambacho hakipo. Mume wangu aliteguka kifundo, akawa anaruka kama kunguru. Nikamwita yule fundi arudi akirudishe kilivyokuwa."

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo hata hicho cha sasa si changu."

"Saruji si yako. Urefu ni wako."

Ndiyo ikawa imekwisha. Mzee alitazama ngazi, kisha mikono yake, nayo ilikuwa haina kazi. Kitinda alijua kwamba mtu yeyote angeweza kumwambia baba yake maneno ya kumsamehe na yasingemfaa. Alichokuja nacho hakikutakiwa. Mfuko ungerudi nyumbani kama ulivyokuja, na kigari kingeulalamikia kila kilima.

Mwenye mgahawa aliingia jikoni, akarudi na sahani. Ilikuwa nyingine, ya moto, maharage yamejaa mpaka ukingoni, na vipande viwili vya mkate. Hakuiweka mezani. Aliiweka kwenye mkono wa kile kiti cha mbao chini ya ngazi, ambao ulikuwa mpana na una alama nyeusi za sufuria.

"Kaa pale ule," alisema. "Alitaka uje umtazame alipokaa. Yeye hayupo, lakini kiti kipo."

Mzee alihamia pale. Aliketi kwa shida, akaegemeza mkongojo ukutani, akala. Alikula taratibu, akitafuna kila kijiko, na Kitinda, mbele ya sahani yake mwenyewe, alihesabu bila kutaka. Nusu ikapita. Robo ikabaki. Mzee alichukua kipande cha mwisho cha mkate, akakitazama, akaifuta sahani.

Ilikuwa saa tisa kasoro. Kitinda alitoa funguo. Wakiondoka sasa wangefika kwao kabla ya giza, na kesho angeshona tangu alfajiri. Alikuwa anafungua mdomo kumwambia baba yake twende, msafiri mmoja akaingia na begi begani, kijana mwenye haraka, akaulizia chumba, akatupiwa ufunguo kutoka dirisha la jikoni, akaanza kupanda huku anasoma simu yake.

"Tisa!"

Ilikuwa sauti ya fundi aliye juu ya jukwaa anayemwitia aliye chini. Kitinda hakuwa ameisikia tangu akiwa mtoto, na hakujua kama bado ilikuwemo ndani ya kifua kile.

"Tisa, kijana! Inua mguu!"

Msafiri akasimama, akatazama chini, akainua mguu juu ya kipandio cha tisa kwa uangalifu. "Asante, mzee," alisema, akaendelea.

Kichwa cha mwenye mgahawa kilitokeza dirishani, upawa mkononi. Alimtazama Mzee pale kitini kwa muda.

"Umechelewa kidogo," alisema. "Mama alikuwa anawaitia wakifika cha sita. Ndipo mtu anapata nafasi ya kusikia."

"Cha sita," alisema Mzee. "Sawa."

Akakisogeza kile kiti kidogo, ili azione ngazi zote kuanzia chini. Kitinda akarudisha funguo mkobani, akaagiza chai.